Dole Gumba la Wodi Nzima

Bibi Povu alianza kunuka siku ya Jumapili, na kwa mtu kama yeye aibu ilimuuma kuliko kidonda.

Miaka arobaini alikuwa akifua nguo za watu. Shuka za nyumba za wageni, ovaroli za mafundi magari, nepi za watoto ambao leo wana vipara, vyote vilipita mikononi mwake vikiwa na mambo yake na vikatoka vyeupe. Uchafu wa binadamu aliutambua kwa pua kabla hajaloweka: hili jasho la kazi, haya maziwa yaliyochacha, huyu bwana hakulala kwake. Lakini harufu hii mpya ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki, na ilikuwa inatoka chini ya shuka yake mwenyewe, upande wa miguuni.

"Mwalimu," alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "nitazame usoni uniambie kweli. Ninanuka?"

Mwalimu alikuwa mama mstaafu aliyevunjika nyonga kwa kuteleza bafuni. Miaka thelathini na miwili aliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kushika penseli, na mpaka leo alizungumza na watu wazima polepole, kama vile wote wana kamasi. Alivuta hewa kidogo, akafikiri.

"Unanuka, dada. Mimi nilidhani ni chakula."

"Chakula cha hapa hakinuki hivi."

"Cha jana kilinuka hivyo hivyo."

Wakacheka mpaka Mwalimu akashika nyonga na kuomba huruma. Kisha kicheko kikaisha, harufu ikabaki pale pale.

Bibi Povu aliingia hospitali ile kwa miguu yake miwili, na vidole vyake kumi. Kisa chenyewe kilikuwa msumari. Kwenye kibanda cha kufulia alisimama juu ya ubao ili asikanyage maji, ubao ukawa na msumari, na msumari ukamtoboa kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Yeye ana sukari. Mwenye sukari hasikii mguuni kama watu wengine, kwa hiyo alifua siku tatu nzima bila habari, mpaka kidole kikawa cheusi na kukunjamana kama zabibu kavu.

Daktari wa upasuaji alimwangalia akiwa mlangoni, simu sikioni. Wagonjwa walimwita Fagio, kwa vile aliifagia wodi ya vitanda kumi na sita kwa dakika kumi, na kilichobaki nyuma yake kilikuwa vumbi. Siku zote alikuwa na kijiti cha meno mdomoni.

"Hicho kidole kitoke," alisema.

"Kimoja?" Bibi Povu aliuliza.

"Kimoja."

"Hicho kidogo."

"Bibi, si nimesema?"

Bibi Povu akakubali. Kidole kimoja, tena kidogo, tena kimeshakufa, alikubali kukiaga. Jumatatu ya upasuaji aliamka alfajiri, akaoga mara mbili, akaazima wembe kwa Mwalimu na kukata kucha zote za miguu, maana hakutaka madaktari waseme mfuaji ana kucha kama za kuku. Ya kidole kikubwa aliikata ndani mno, damu ikamtoka, nyekundu, mbichi, ikadondoka sakafuni matone matatu. Akayafuta kwa mkono wake. Alikumbuka hayo yote vizuri. Baada ya hapo walimchoma sindano akalala.

Alipoamka mguu ulikuwa umefungwa bandeji nene kama mkate. Akauliza kidole kimetoka salama? Wakamwambia kimetoka salama. Jumatano walipofungua ndipo alipoona. Vidole havikuwepo. Si kidogo, si cha pili yake, si kile kikubwa chenye kucha mpya. Mguu mbele umekatwa wima, umebaki bapa kama kitako cha pasi.

"Dokta," Bibi Povu alimwambia Fagio alipopita, "tulipatana kimoja."

"Tulikuta umeoza mpaka huku." Alionyesha kwa kijiti.

"Mpaka kile kikubwa? Kile nilikikata kucha asubuhi ile ile, kikatoa damu."

"Bibi, wewe ni daktari? Karatasi uliweka dole mwenyewe. Iko kwenye faili."

"Mimi sikuletewa karatasi."

Fagio alikuwa ameshafika kitanda cha nne.

Tangu siku hiyo Bibi Povu alipata jina jipya kule kwenye meza ya manesi, nalo ni msumbufu. Toroli ya kusafishia vidonda ilikuja kila asubuhi, ikisukumwa na nesi mwenye haraka, na kila asubuhi ilipofika usawa wa kitanda chake magurudumu yalipata nguvu mpya. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Jumamosi aliita, akaambiwa subiri zamu yako. Bandeji ilianza kulowa, ikawa rangi ya chai, kisha rangi ya chai iliyolala. Nzi wa wodi, ambao mpaka hapo walikuwa wa wote, wakahamia kwake.

Basi ndipo ikaja hiyo Jumapili ya kunuka, na Jumatatu yake Fagio akaja na kijiti chake.

Safari hii alisimama karibu, ingawa usawa wa goti, si wa bandeji. Alikunja pua. Kisha akatoa kijiti mdomoni, akafunua shuka, na kwa ncha ile iliyokuwa bado na mate akachora mstari juu ya ngozi ya Bibi Povu, vidole vinne chini ya goti.

"Tunakata hapa. Kesho. Karani atakuletea karatasi asubuhi, saa nane iwe mezani kwangu."

Akarudisha kijiti mdomoni.

Bibi Povu aliutazama ule mstari wa mate ukikauka kwenye mguu wake. Katika maisha yake alishafua matapishi ya harusi tatu na shuka za wagonjwa wa kuhara, na hakuna hata siku moja aliyoomba kitambaa cha kujifutia. Siku hiyo aliomba. Akakilowesha, akausugua mstari ule mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Saa ya kutazama wagonjwa akaja mdogo wake wa tumbo moja. Mtaa mzima walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki mpaka betri ziishe, na betri zake haziishi. Aliuza nguo za mitumba, alikuwa na sauti ya kunadi, na alipomaliza kusikiliza habari ya goti akalia kwa sauti ile ile ya kunadi.

"Dada, kubali. Nakuomba, kubali. Mguu ni mguu, roho ni roho. Nitakutafutia gongo zuri la kutembelea, kuna mtu namjua anayetengeneza. Nitafua mimi. Utakaa kwenye kiti unaniongoza tu, loweka, suuza, na wewe unavyopenda kuongoza watu."

"Wewe ukifua nguo za watu tutashtakiwa."

"Unafanya mzaha na harufu hii?"

"Nifanye nini nayo? Nimeshaizoea kuliko wewe."

Redio akapenga kamasi. "Nusa mwenyewe, dada. Mguu umeoza. Usipokatwa kesho, keshokutwa nitakuwa naazima viti vya msiba."

Bibi Povu alinusa. Pua yake ilimwambia maneno yale yale. Labda kweli umeoza. Labda Fagio, pamoja na mate yake yote, safari hii anasema kweli. Mfuaji mwenye mguu mmoja hasimami juu ya ubao, hainamii beseni, habebi ndoo. Atakaa kwenye kiti cha mdogo wake mpaka afe, akisikiliza redio mchana kutwa. Lakini mfuaji aliyekufa hafui kabisa. Aliyapima hayo mawili huku na huku.

Kilichomzuia ni ile karatasi ya kwanza. Mtu aliyekwambia kimoja akachukua vitano, kisha akakwambia umekubali mwenyewe, utampaje goti?

Jumanne asubuhi, saa nne, karani wa wodi akaja na faili kwapani na pedi ya wino mkononi. Alikuwa mtu nadhifu. Kola yake ilipigwa pasi na mtu anayejua pasi, na Bibi Povu huwa anawapa watu heshima kwa kola. Ila alikuwa na tabia moja: kila alipofungua ukurasa alilamba dole gumba, na kwa kuwa dole lile lilikuwa na wino wakati wote, ulimi wake ulikuwa wa buluu kama wa mgonjwa wa moyo.

"Bibi yangu, shikamoo. Hapa tu, kidogo, tumalize."

"Marahaba, mwanangu. Nitaweka. Lakini uzee huu, nimesahau dole langu lilitokaje mara ya kwanza. Nionyeshe ile ya mwanzo nisije nikatoa dole jingine."

Karani alitabasamu, maana ombi lile lilikuwa la kipuuzi na wazee husamehewa upuuzi wao. Akalamba, akafungua, akamwekea mapajani.

"Mwalimu," Bibi Povu aliita, "macho yangu ya karibu hayapo. Nisomee."

Karatasi ikavuka kwenda kitanda cha pili. Mwalimu akavaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti ya darasani, kila neno peke yake.

"Nimeelezwa. Kwa lugha. Ninayoielewa. Nimekubali. Kufanyiwa." Akasita. "Hapa palikuwa na mstari mtupu, umejazwa kwa kalamu nyingine. Mwandiko wa ovyo sana. Huyu ningemrudisha akaandike a na e mara hamsini. Vidole vyote vya mguu wa kushoto."

"Na dole?"

"Dole lipo. Limetoka vizuri mno. Mistari yote inahesabika, kama shamba lililopigwa matuta. Na katikati kuna kovu, limekata matuta yote kutoka huku mpaka huku."

Bibi Povu alikaa wima. Akainua mkono wake wa kushoto, akaupeleka mbele ya uso wa karani, akamgeuzia dole gumba.

"Mwanangu, hebu lione."

Dole lile lilikuwa laini kama tumbo la kijiko. Miaka arobaini ya magadi, sabuni ya mche, dawa ya madoa na ubao wa kufulia ilikuwa imefuta kila mstari. Mwaka ule watu wa serikali walipopita kuandikisha vitambulisho, mashine ilimkataa mara tatu, mpaka kijana wa mashine akamwambia, bibi, inasema hapa hakuna mtu. Yeye akamjibu aiambie mashine kwamba huyo hakuna-mtu ameacha chungu jikoni na anataka kurudi nyumbani. Kisa kile alikihadithia mtaani miaka mitano, kila mtu alikuwa anakijua. Kila mtu isipokuwa karani wa wodi.

"Nipe wino," alisema.

Karani hakutoa. Redio, aliyekuwa ameingia kabla ya saa za wageni kwa sababu hakuna mlinzi anayeweza kumaliza kubishana naye, akaichukua pedi mkononi mwa karani kama mtu anayechukua kitu chake. Bibi Povu akagandamiza dole kwenye wino, akaligandamiza pembeni mwa gazeti la Mwalimu. Likatoka doa. Akarudia. Doa. Mara ya tatu doa, la duara, lisilo na kitu ndani, kama alama ya kikombe mezani.

"Sasa hilo shamba lenye matuta," aliuliza kwa upole, "ni la nani?"

Karani alilamba dole. Hakuwa na ukurasa wa kufungua.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu, na mimi nilipasuliwa hapa wiki iliyopita. Niletee faili langu."

"Mwalimu, utaratibu hauruhusu..."

"Nimesema lete."

Miaka thelathini na miwili ya darasa la kwanza si mchezo. Karani akaenda, akaleta toroli nzima ya mafaili, akampa lake. Mwalimu akafungua, akaitazama karatasi yake muda mrefu, na rangi ikampanda shingoni.

"Mimi," alisema. "Mimi niliyewafundisha nusu ya mji huu kuandika majina yao. Mimi nimewekewa dole. Lenye kovu."

Ndipo Redio akaivuta ile toroli ya mafaili. Alifungua la kwanza, la pili, la tano, kwa kasi ile aliyozoea kufungulia marobota. Mama wa kizazi kule dirishani, dole lenye kovu. Binti wa kidole tumbo, dole lenye kovu. Bibi kizee wa mtoto wa jicho ambaye hakuwa na mkono wa kushoto tangu utotoni, dole la kushoto, matuta safi, kovu katikati. Alipofika hapo Redio alifunga faili na kunyamaza. Bibi Povu hakumbuki mdogo wake kunyamaza tangu walipokuwa watoto, na ukimya ule ulimtisha kuliko makaratasi.

"Nilikuwa nawasaidia," karani alisema.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa.

"Wazee vidole havishiki wino. Huyu analala, yule analia, mwingine anauliza maswali mpaka mchana. Orodha inafungwa saa nane. Daktari anasema karatasi isiyo na dole, mgonjwa arudi nyumbani. Sasa ningewaacha mrudi nyumbani mkafe? Naweka mimi, mnapata huduma. Sijawahi kupokea hata pipi kwa mtu. Daktari akishamaliza kazi yake anajaza mwenyewe pale juu."

"Anajaza akishamaliza," Bibi Povu alirudia.

"Ndiyo. Kabla hajakata atajuaje atakata nini?"

Hakuwa anatania. Aliwatazama wote kwa macho safi, na ulimi wa buluu. Huo usafi wa macho ndio uliomchukiza Bibi Povu. Angekuwa mwizi, angemwelewa. Mwizi huwa anajua kuwa ameiba.

Fagio akaingia wakati huo huo, kijiti mdomoni, na nyuma yake Sista Mkuu wa wodi, mama mnene wa miaka hamsini na kitu aliyerudi kazini asubuhi ile kutoka likizo ya mwezi mzima. Redio alipata sauti tena, akaeleza yote kwa pumzi moja, pamoja na bibi asiye na mkono. Fagio alisikiliza huku anatazama saa.

"Hayo ni mambo ya ofisi," alisema. "Yatashughulikiwa. Mimi nazungumzia uhai. Huo mguu umeoza, harufu mnaisikia wote. Tunapoteza muda."

"Umeuona?" Bibi Povu aliuliza.

"Sina haja ya kuuona."

"Kijiti chako cha meno unakiangalia mara ngapi kwa siku, dokta?"

Wodi ikacheka, vitanda vyote kumi na sita, hata binti wa kidole tumbo aliyekatazwa kucheka. Sista Mkuu hakucheka. Alikuwa amechukua faili la Bibi Povu na kusoma. "Hapa pameandikwa kidonda kimesafishwa Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alama zote za vyema zimewekwa."

"Basi mimi nilikuwa wapi kikisafishwa?" Bibi Povu aliuliza. "Au na kidonda mlitumia cha karani?"

Sista aliweka faili chini. Alivaa glavu, akavuta toroli, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuanza kufungua.

Bandeji ya juu ilitoka ikiwa ngumu kama karatasi. Ya pili ilitoka na rangi ya njano, ya tatu kijani, ya nne haikuwa na rangi inayoweza kutajwa mbele ya watu wanaotarajia kula. Harufu ilisimama wodini kama mtu. Mwalimu akajifunika uso kwa gazeti lenye madoa. Kisha Sista akafika kwenye kitambaa cha mwisho, akasimamisha mkono, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinatikisika.

Alikiinua.

Walikuwa wengi, weupe, wanene, wamejipanga kichwa chini kwenye nyama kama mtama kwenye suke, na wote walikuwa kazini. Redio alishika beseni la kwanza aliloliona akatapika. Karani akakimbia na ulimi wake. Fagio aligeuka haraka mno kwa mtu wa cheo chake, akaenda dirishani, akaweka leso puani, na kwa mara ya kwanza tangu Bibi Povu amjue kile kijiti kilianguka.

Bibi Povu peke yake aliangalia. Ndoo ya nepi iliyosahauliwa siku tatu juani ina wageni kama hawa, alishawaona sana.

"Funza," alisema.

"Funza," Sista alikubali. Aliirusha bandeji kwenye ndoo, na haikuwa kwa kinyaa. Ilikuwa kwa hasira. Alimimina maji ya chumvi polepole, akawaokota kwa koleo mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kikombe cha chuma, akamimina tena. Alifanya hivyo muda mrefu. Halafu akainama karibu kabisa, mahali ambapo pua ya daktari haikuwahi kufika, akagusa kwa pamba. Pamba ikatoka na doa jekundu.

"Dokta, njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Njoo, dokta."

Hakuja.

Sista akainua kichwa, akazungumza na Bibi Povu, na hakuongeza sauti wala kupunguza. "Mama, nyama yako iko hai. Nyekundu yote, mpaka pembeni. Kilichokuwa kinanuka ni uchafu wa bandeji na usaha uliokaa. Hawa wadudu wamekula vilivyokufa, wakasafisha. Mguu huu mimi simpi mtu aukate leo."

Bibi Povu alitazama kikombe cha chuma. Wale weupe walikuwa bado wanahangaika mle ndani, wanatafuta kazi yao.

"Na wao hawakuniomba ruhusa," alisema. "Lakini angalau wamekula kilichooza peke yake."

Redio alicheka na kulia na kutapika kwa pamoja, jambo gumu, lakini alilimudu.

Fagio, mgongo ukiwa bado umewaelekea, alisema ni bahati tu, kesho hali itageuka. Akasema mgonjwa asiyefuata ushauri hawezi kubaki kwenye kitanda chake. Akitaka kuondoka na aondoke, ila aondoke kwa hiari yake, na aweke dole kwenye karatasi ya kuondoka kwamba lolote litakalompata hospitali haimo.

Karani alikuwa amerudi na kusimama mlangoni. Aliposikia neno karatasi, mkono wake ukanyooka wenyewe. Watu wote waliuona. Dole gumba likaenda mdomoni, likalambwa, likashuka taratibu kuelekea kwenye pedi ya wino iliyokuwa kitandani kwa Bibi Povu.

Bibi Povu aliifunga pedi kwa kifuniko, dole likiwa limebaki kama inchi moja.

"Hili la kuondoka," alisema, "nitakubali mwenyewe."

Karatasi ya kuondoka iliandikwa na Mwalimu, kwa mwandiko wa ubaoni ambao hata kipofu angeupapasa akauelewa. Iliandikwa kwamba alikubali kidole kimoja wakatoa vitano, kwamba siku tano hakusafishwa, kwamba anaondoka na mguu wake kwa miguu ya watu wengine. Sista Mkuu akatia sahihi yake chini kama shahidi, kwa kalamu, akiwa anatazamana na mgongo wa Fagio. Halafu akaenda mwenyewe kutafuta machela.

Mguu ulipona. Ulichukua wiki tisa katika hospitali nyingine, na sasa Bibi Povu ana kiatu kilichojazwa sifongo mbele na anasimama juu ya ubao usio na misumari, ubao alioukagua kwa vidole vyake laini kabla hajaukanyaga. Anayumba kidogo akiinama. Anasema kidole kikubwa ndicho kilichokuwa usukani.

Barua ya uchunguzi wa malalamiko yao ilikuja baada ya miezi saba, na Redio akamsomea. Ilisema kwamba vidole vilivyotolewa havikuhifadhiwa, viliteketezwa pamoja na takataka za siku ile, hivyo haiwezekani kusema kama vilikuwa vizima au vimeoza. Ilisema daktari amekumbushwa. Ilisema karani amehamishiwa ofisi ya kuandikisha vizazi.

"Huko patamfaa," Bibi Povu alisema. "Watoto wachanga hawaulizi maswali."

Akaikunja barua na kuiweka chini ya beseni lililokuwa linachechemea.

Kuhusu ile hospitali nyingine, siku alipofika kwenye machela akinuka mji mzima, walimletea karatasi ya kusafisha kidonda. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima, ila alikuwa na haraka.

"Soma," Bibi Povu alimwambia.

Kijana akasoma.

"Rudia, polepole. Wewe si redio."

Akarudia, kila neno peke yake. Bibi Povu akamsimamisha mara mbili, akamuuliza neno kusafisha linaishia wapi kwenye mguu, akamtaka aweke mpaka kwa kalamu, kwenye karatasi, si kwenye ngozi. Kijana akaweka. Hakukuwa na mstari mtupu hata mmoja. Ndipo akagandamiza dole kwenye wino, akaligandamiza chini ya maandishi.

Kijana akalitazama. "Bibi, halikutoka. Ni doa tu. Tujaribu tena."

"Limetoka," alisema. "Hilo tupu ndilo langu. Ukiona lenye mistari, ujue si mimi."